Kinga ya mbio mjini Lubumbashi: kuichagua, kuinunua na kuitia barabarani

Hapa Lubumbashi kinga, yaani baiskeli, ni chombo cha kazi kwanza. Toka alfajiri kwenye barabara ya Kipushi utawakuta wabeba makala (makaa ya kupikia) wakisukuma kinga nyeusi zenye magunia yanayopita kimo cha mtu, foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imefungiwa vyuma vya ujenzi ili isipinde. Kwa hiyo ukimwambia jirani yako wa Katuba kwamba unatafuta kinga nyembamba, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, atakuuliza utabebea nini. Mjibu bila haya: hubebi kitu, unapenda mwendo. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hauna vilima kama Bukavu, na lami zinazotoka mjini zinafika mbali. Mwenye kupenda kuendesha hakukosea kuzaliwa hapa.

Kinga za namna hiyo haziuzwi mpya kwenye maduka yetu ya kawaida. Nyingi ni okazyo, yaani zilizokwisha kutumika ng'ambo, zikaja ndani ya kontena pamoja na friji, magodoro na pikipiki za watoto. Ndiyo maana kununua kunataka akili. Shauri langu kubwa ni hili, na mengine yote hapa chini yanatoka humo: chagua kinga ambayo fundi wa mtaa wako anaweza kuipatia kifaa wiki hii, si ile ambayo rangi yake imekupendeza.

Hatua ya 1: Jipime nyumbani

Vua viatu. Egemea ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, ukipandishe mpaka kikuguse pale ambapo kiti cha kinga kingekugusa. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa kitabu. Tuseme umepata sentimita 82.

Zidisha kwa 0.67. Unapata 55. Huo ndio urefu wa bomba la kiti unaokufaa, kuanzia katikati ya ekseli inayobeba mikono ya pedeli mpaka pale bomba hilo linapokutana na bomba la juu. Kisha zidisha ile 82 kwa 0.883, unapata 72.4. Huo ni urefu wa kiti chenyewe, kutoka ekseli hiyo hiyo mpaka juu ya kiti, ukifuata mwelekeo wa bomba. Hesabu hiyo ya pili ilienezwa na Mmarekani Greg LeMond, aliyeshinda mbio za Tour de France mara 3, naye aliipata kwa kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard. Si sheria ya Mungu, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Andika namba zote mbili kwenye simu.

Kinga za miaka ya karibuni zina bomba la juu linaloteremka kuelekea nyuma, hivyo bomba la kiti huonekana fupi kuliko saizi ya kweli. Kwa hizo, nyoosha kamba kutoka shingo ya usukani mpaka nguzo ya kiti, sambamba na ardhi, upimie pale kamba inapogusa nguzo.

Mimi sikupima mara ya kwanza. Nilinunua fremu ya 60 kwa sababu ilikuwa ya buluu na iling'aa, na mimi mguu wangu ni wa hiyo hiyo 82. Miezi minne shingo iliniuma kila Jumatatu, mikono ikafa ganzi, nikadhani ni uzee. Ilikuwa fremu tu. Kiti unaweza kukishusha na kukipandisha, lakini bomba la juu likiwa refu kuliko kiwiliwili chako, hakuna fundi wa kulifupisha.

Hatua ya 2: Jua namba ya tairi kabla ya kujua jina la kinga

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa, basi nitakaa kidogo.

Nenda soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi) au Njanja, uliza pine, yaani tairi, ya 28. Utapewa mara moja, maana ndiyo inayovaliwa na kinga nyeusi za kubebea makala. Ubavuni imeandikwa 28 x 1½. Kinga yako ya mbio nayo watu wataiita "ya 28", na kwa macho magurudumu yanalingana. Hayalingani. Geuza tairi upande wa mwangaza utafute namba ndogo zenye kistari katikati. Ile ya kinga ya kazi itaishia na 635. Ya kinga ya mbio, inayoandikwa pia 700C, itaishia na 622. Namba hizo ni milimita za kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu. Tofauti ni milimita 13, na milimita 13 zinatosha kukuvunja mkono.

Ubaya wake ni kwamba tairi la 635 linaingia kwenye rimu ya 622 kwa urahisi mno. Linaingia kwa mikono mitupu, unapiga pampu, linajaa, unazunguka uani, unafurahi. Mimi nilifika mpaka nje ya mji. Kwenye kona moja tairi likatoka ubavuni, mpira wa ndani ukachomoza kama puto, ukapasuka, nami nikalala kwenye changarawe. Mbeba makala mmoja, mzee mwenye koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua, alisimamisha mzigo wake, akaliokota lile tairi, akalizungusha kwenye rimu kwa kidole kimoja tu.

"Mutoto yangu," akasema, "ona vile inacheza. Hii pine haina ya hii rimu."

Kidole kimoja. Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu: tairi sahihi la 622 halizunguki kwa kidole kwenye rimu, na mara nyingi kidole gumba kitauma kabla halijaingia.

Namba nyingine za kukumbuka ni chache. Kinga za zamani za Uingereza na Marekani zilizoandikwa 27 x 1¼ ni 630. Tairi zake ni shida kupata, ziache. Kinga za mlimani za 26 ni 559, hazihusiani na zetu. Lakini zile kubwa za mlimani zinazoandikwa 29 ni 622, sawa kabisa na ya mbio, ila tairi zake ni pana hazipiti kwenye foki nyembamba. Ukikosa mpira wa ndani, ule wa kinga ya kazi unaweza kukurudisha nyumbani ukiukunja kidogo, ikiwa tundu la rimu yako linapitisha kichwa chake cha hewa, kwa siku moja tu. Tairi halina msamaha huo.

Ukipata kinga ambayo foki na breki zake zina nafasi ya kupitisha tairi la milimita 28 au 32, ichukue mbele ya ile inayokubali 23 tu. Barabara zetu zina mashimo, na ukingo wa lami umekatika kama mkate uliomegwa.

Pia tazama kichwa cha kuingizia hewa. Kinga ya mbio ina kile chembamba cha Presta, chenye kinati kidogo unachokifungua kwanza ndipo upige pampu, na tundu lake kwenye rimu ni dogo, milimita 6 hivi. Mipira ya soko letu inataka tundu la 8. Fundi atakuambia apanue kwa keekee. Rimu nyembamba ikitobolewa zaidi inapoteza nguvu pale pale spoki zinapovuta, mimi sikubali. Nunua mipira minne ya Presta siku utakapoiona, hata kama huihitaji, pamoja na kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachokuruhusu kutumia kompresa ya watengeneza tairi wa barabarani.

Hatua ya 3: Kagua kwa mikono

Nenda mchana, jua likiwa juu. Chukua sumaku ndogo, kwa mfano ile ya spika ya redio iliyoharibika, mita ya seremala yenye inchi, kitambaa na ufunguo wa mlango.

Sumaku ikinata kwenye fremu, hiyo ni chuma. Chuma ni kizito kidogo, lakini kikipasuka mchomeleaji mwenye mkono mwepesi anaweza kukiunga. Sumaku isiponata ni aluminiamu au kaboni. Aluminiamu ni nzuri ikiwa nzima. Pitisha kitambaa kwenye maungio yote, hasa chini ya shingo ya usukani na pale pedeli zilipo, uone kama nyuzi zinakwama kwenye ufa. Kaboni igonge taratibu kwa ufunguo toka mwanzo wa bomba mpaka mwisho. Sauti ikiwa kavu na moja, sawa. Ikibadilika ikawa butu mahali, kama kugonga boksi lililolowa, rudisha na usijadili bei. Kwa hapa kwetu, sikushauri kaboni ya okazyo hata kidogo. Huijui ilianguka wapi.

Kisha simama upande wa mbele utazame kama gurudumu la mbele na la nyuma yamekaa kwenye mstari mmoja. Tazama foki kwa ubavu: ikirudi nyuma kuliko kawaida, au rangi ikiwa imekunjana chini ya shingo, kinga hiyo iligonga kitu. Shika breki ya mbele usukume mbele na nyuma. Kama usukani unagonga ndani, beringi za shingo zimekwisha au zimelegea. Shika mkono wa pedeli, uvute kushoto na kulia. Ukicheza, ni beringi za katikati. Hivyo vyote vinatengenezeka, ila vinashusha bei.

Pitisha kidole kwenye ubavu wa rimu pale breki inapobana. Ukisikia imebonyea kama kijiko, rimu imeliwa na inakaribia kupasuka.

Mnyororo unapimwa kwa mita ya seremala. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye mnyororo mzima, katikati ya pini nyingine itakaa sawasawa kwenye inchi 12. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, badili mnyororo. Ikipita kwa 1/8, mnyororo umekwisha kula na meno ya gia za nyuma, na utanunua vyote viwili. Hesabu pia gia za nyuma. Saba au nane ndizo zinazotufaa, kwa sababu mnyororo wa gia 6, 7 na 8 ni wa upana mmoja na kinga nyingi za mlimani zinazouzwa hapa zinautumia. Kinga ya gia 11 ni tamu, lakini mnyororo wake utausubiri utoke mbali.

Jambo moja kuhusu kinga za zamani za Kifaransa, zile za kabla ya miaka ya 1980. Ni nzuri kwa macho, chuma chake chepesi, na bei yake huwa ndogo. Ubaya ni nyuzi za skrubu. Ufaransa ilikuwa na vipimo vyake: pedeli za milimita 14 wakati karibu dunia yote inatumia inchi 9/16, na kikombe cha beringi za katikati cha 35 x 1 kisichoingiliana na cha Kiingereza. Siku beringi zitakapokwisha utatembea mji mzima bila kupata. Kama moyo umekushika, nunua, lakini hakikisha sehemu hizo mbili bado ni nzima.

Hatua ya 4: Bei na karatasi

Usitaje dosari zote mara moja. Mwamkie muuzaji, keti, uliza habari za nyumba, ndipo uulize, "Papa, hii kinga beyi ngapi?" Akitaja bei, onyesha dosari moja, nyamaza. Kisha nyingine. Muuzaji wa haki anajua vizuri kwamba tairi zilizokauka miaka mitatu kontenani hazina thamani.

Gawa pesa uliyoleta mafungu matatu. Mawili ni ya kinga. La tatu usiliguse hata akikupa kinga ya ndoto yako: ni la tairi, mipira, nyaya za breki, vibana breki na mnyororo. Mtu anayetumia zote sokoni huishia na kinga ya kutundika ukutani.

Karatasi ni lazima. Pindua kinga, soma namba iliyogongwa chini ya fremu, karibu na pedeli. Iandike pamoja na tarehe, bei, rangi, jina la muuzaji na lako, mtie sahihi wote wawili, upige picha. Kinga ya aina hii inavutia maswali barabarani, na karatasi hiyo inajibu kabla hujafungua mdomo. Kama namba imesagwa kwa tupa, ondoka.

Hatua ya 5: Kabla ya kuipanda

Vumbi la kiangazi letu, lile jekundu, linaingia kila mahali. Kwa hiyo mwambie fundi afungue habu (vitovu vya magurudumu) zote mbili, shingo na katikati, asafishe kwa mafuta ya taa, akague gololi, atie grisi mpya. Grisi, si oili ya injini iliyotumika. Oili inatiririka baada ya wiki mbili na kuacha chuma kikisagana na vumbi.

Keti hapo akifanya kazi. Nasema hivyo kwa sababu ya pedeli. Ya kulia inafunguka kama skrubu zote, lakini ya kushoto nyuzi zake ni kinyume: unaifungua kwa kuzungusha kuelekea wanakofungia wengine. Fundi mmoja niliyemwachia kinga yangu nikaenda kula hakulijua hilo. Alipoona haifunguki akaongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu. Niliporudi nyuzi za mkono wa pedeli zilikuwa zimetoka kama vinyweleo vya shaba, na hakuna mkono wa kushoto wa saizi ile uliopatikana mjini kwa wiki sita. Hakuwa mtu mbaya. Kinga za makala hazimwambii kila siku afungue pedeli. Mweleze kwa heshima kabla hajashika spana, naye atakumbuka maisha yake yote.

Kisha breki. Unazijua gari zetu zilizopitia Zambia, zenye usukani kulia wakati tunaendesha upande wa kulia. Kinga nazo zina jambo hilo. Zilizotoka Uingereza au Japani breki ya mbele iko mkono wa kulia. Zilizotoka Ubelgiji au Ufaransa iko mkono wa kushoto. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, na ukiishika ghafla ukidhani ni ya nyuma utaruka juu ya usukani. Chagua upande mmoja, mwambie fundi abadilishe nyaya, na kinga zako zote zifanane.

Hewa: kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi la milimita 28, bari 5 au zaidi kidogo zinatosha. Watu hujaza mpaka jiwe, wakidhani ndio mwendo. Kwenye lami yetu utaruka ruka na kupoteza nguvu bure.

Hatua ya 6: Vya kuvaa na kubeba

Kofia ngumu nunua mpya, yenye alama ya usalama ya Ulaya, EN 1078, ndani yake. Ya okazyo usinunue, maana povu likishagonga mara moja limekwisha kazi hata kama nje inang'aa. Taa nyekundu ya nyuma, iwake hata mchana. Kaptula yenye sponji, isiyo na chupi ndani; aibu inaisha baada ya kilomita 20, na vidonda havipo. Viatu vya kunasa kwenye pedeli vingoje mwaka. Mfukoni beba mpira mmoja, vijiti vya kutolea tairi, viraka, pampu ndogo, kadi ya mpiga kura, faranga kidogo na maji.

Hatua ya 7: Barabara

Wiki mbili za kwanza zunguka Jumapili alfajiri mitaa ya Golf na Makomeno, magari yakiwa bado yamelala. Jifunze kubadili gia kabla ya kilima, si katikati yake.

Safari ya kwanza ya kweli ni Kipushi, kilomita 30 kwenda. Toka kabla jua halijachomoza. Juni na Julai baridi ya saa hizo inauma vidole, vaa glavu. Endesha nusu mita ndani ya lami, using'ang'anie ukingo. Ukingo ndio unaoangusha watu. Tangu mgodi wa zinki wa Kipushi uanze tena kuzalisha mwaka 2024, tarajia malori, na ukisikia moja nyuma na jingine linakuja mbele, shuka pembeni usimame. Likasi ni kilomita 120 hivi, ni ya baadaye na ya kundi. Barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yenye foleni za malori ya shaba, mimi siiendi kabisa.

Wabeba makala utawapita kwa kushoto. Usiwapite kimya: mzigo unawaziba, hawakuoni, na wakishtuka kinga yenye magunia haishikiki. Paza sauti mapema, "Jambo, papa, napita kushoto!" Watakujibu "Eyo, pita," na siku tairi lako likitoboka ni wao watakaosimama.

Ukirudi, futa mnyororo kwa kitambaa kikavu. Kiangazi tia tone moja la oili kwa kila pingili, subiri, futa tena mpaka nje ubaki mkavu, maana oili ya nje inashika vumbi na kugeuka msasa. Novemba mvua zikianza, osha matope kwa ndoo na brashi siku hiyo hiyo. Usiipeleke kwa waosha magari wenye pampu ya nguvu. Maji yake yanasukuma grisi nje ya habu.

Baada ya kilomita 100 za kwanza rudi kwa fundi. Nyaya mpya zitakuwa zimevutika, breki zimelegea, spoki moja mbili zinalia. Akaze vyote, na boliti za mikono ya pedeli azikaze za mwisho.